Pupe Hawauzwi Mmoja Mmoja

"Nakuuliza mara ya mwisho, Mama Sephora. Mwenzake iko wapi?"

Gertrude alisimama katikati ya mlango wa lupango, ua wa jirani yake, mguu mmoja ndani ya uwanja wa watu, mguu mwingine barabarani, na pupe mmoja, mwanasesere wa kitambaa, ameinuliwa juu ya kichwa kama padri anavyoinua hostia, ili kila anayepita aone. Na wapitaji hawakukosa. Ilikuwa saa ya vitumbua. Meza ya Carine iko palepale, imeegemea ukuta, kwa hiyo nusu ya mtaa ilikuwa imesimama na vitumbua vya moto mkononi, mafuta yakichuruzika mpaka kwenye viwiko, na ghafla hakuna aliyekumbuka kwamba taxi-bus ya kwenda kazini haimsubiri mtu.

Fidélie, ambaye Kikula nzima, hapa Likasi, inamwita Mama Sephora kwa jina la binti yake wa kwanza, alijibu kwa sauti ya chini, akitumaini kwamba sauti ya chini huambukiza. Alieleza kwamba mwenzake wa pupe huyo yuko ndani ya katoni nyingine, ataenda kwa mtoto mwingine, na kwamba mambo haya ni ya biashara, hayahitaji kusimamisha watu njiani.

"Biashara," Gertrude alisema. Akawageukia watu wa vitumbua. "Munasikia? Aliuzisha Mbuyu, Kabange anabakia mu karto, na anasema ni biashara. Batoto yangu nilibazala siku moja. Yeye anabatenganisha na skochi."

"Haiko batoto yako, Mama Mapasa. Ni pupe."

Vitumbua vilishuka kutoka midomoni. Hata Carine, ambaye kwa kawaida maneno ya wengine ni sukari yake, aliinamisha macho kwenye karai la mafuta. Fidélie mwenyewe alisikia sentensi yake ikitoka na akatamani kuikamata mkia, lakini ilikuwa imeshafika barabarani. Maana katika mtaa ule, nani asiyejua pupe wale ni akina nani?

Kamwana, biashara yao ya pupe, haikuanza kama kampuni. Ilianza kama njia ya kunyamazisha watoto wawili. Miaka ile Fidélie alikuwa akiuza nguo za friperi, za mitumba, sokoni, na Gertrude, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikuwa akishonea watu nguo kwa mashine ya kukanyaga. Gertrude akajifungua mapasa, yaani pacha, wasichana, Mbuyu na Kabange. Majina hayo hayakuchaguliwa na mtu. Pacha wa Kiluba wanakuja duniani na majina yao tayari, kazi ya mzazi ni kuyatamka tu. Ila walikuja pia na mapafu. Mmoja akianza kulia mwingine anapokea, kama zamu za kiwandani, na mama yao hamalizi hata pindo moja.

Siku moja Fidélie alitoa kwenye mzigo wake soksi iliyopotelewa na mwenzake, akaijaza vipande vya nguo, akaifunga shingo kwa uzi, akampa Mbuyu. Mbuyu akanyamaza. Kabange akalia kwa niaba ya wote wawili. Fidélie akakimbia kutafuta soksi nyingine, akapata ya rangi tofauti, na Gertrude akamrudisha nayo mlangoni. Kwani hajui? Pacha ukimpa mmoja kitu, mwenzake anapata kitu kilekile, ukubwa uleule, rangi ileile, wakati uleule. Ukimsalimia huyu, unamsalimia na yule. Basi Gertrude akakata mabaki ya kitenge kimoja, akashona pupe wawili waliolingana mpaka kwenye visigino, mmoja na utepe mwekundu kichwani awe Mbuyu, mwingine na utepe wa kijani awe Kabange. Kisha akawatia macho.

Macho hayo ndiyo yaliyojenga kila kitu. Gertrude aliyashona kwa uzi mweusi yakitazama pembeni, kama mtoto aliyelamba sukari na anangoja kuulizwa. Wanawake waliokuja kupima nguo waliwaona wale pupe kifuani kwa mapasa, wakacheka, wakaanza kuagiza. Fidélie akaacha friperi. Damas, mume wake, aliyekuwa fundi wa kuchomelea chuma kiwandani, akaandika kwa rangi ya mafuta kwenye kipande cha bati: Kamwana, michezo ya batoto. Akalitundika ukutani, na kampuni ikawepo.

Wasifikiri watu kwamba ilipanda moja kwa moja. Pupe wa kwanza walijazwa vipande vya sponji ya magodoro. Ikaja mvua ya Januari, watoto wakawasahau uwanjani, na pupe wakavimba, wakatoka matumbo kama wajawazito wa miezi tisa. Akina mama walikuja mlangoni wakiwashika kwa miguu, wanadondosha maji. Wakahamia vipande vya nguo vilivyokatwa vidogovidogo, vinavyokauka upesi. Halafu Fidélie akaona kwamba wasichana wote wa mtaa wanawafunga pupe mgongoni kwa chochote wanachopata, taulo, skafu ya mama, hata soksi za baba. Akaanza kuuza kila pupe na kitambaa chake kidogo cha kubebea. Hicho peke yake kiliwapeleka mpaka Lubumbashi. Kutoka vijiji vya wavuvi wa ziwa Tshangalele akaja mama mmoja akiuliza kwa nini pupe wa Likasi hawana kazi, wanakaa tu; akashonewa pupe mwenye kapu la samaki kichwani, na tangu hapo wachuuzi wa kule hawataki mwingine.

Kwa upande wa wavulana, Damas naye hakukaa bure. Alikuwa akikunja malori kwa waya na makopo ya maziwa, magurudumu yakikatwa kwenye babushi zilizochakaa, zile za kuogea. Akayawekea sanduku la nyuma linaloinuka na kumwaga mzigo, kama yale malori yanayopita barabara kuu na madini. Watoto wakachukua lori, wakasahau lori, wakapigania magunia madogo yaliyokuwa ndani yake. Damas aliumia moyo siku kadhaa, halafu akaanza kuuza magunia peke yake.

Kisha wakaja pupe wa plastiki kutoka mbali, wenye nywele za dhahabu na bei ya kucheka, na soko lote likawageukia. Mwaka huo Kamwana ilikaribia kufunga. Aliyeiokoa ni Gertrude tena. Alimwona Kabange anamsuka pupe wa plastiki, na nywele zinabaki mkononi fungu kwa fungu mpaka pupe akawa na upara. Gertrude akachukua nyuzi nyeusi za sufu, akazishona kichwani kwa pupe mmoja mmoja kwa mshono wa kurudia, zinazosukwa na kufumuliwa na kusukwa tena hata mwaka mzima. Wasichana wakarudi, na mama zao, na shangazi zao wenye saluni, ambao walianza kuwaweka dirishani kuonyesha mitindo.

Hivyo ndivyo ilivyotoka chini ya paa la varanda, ikaingia kwenye gereji ambayo Damas aliijengea gari asilolipata, ikajaa wanawake washonaji wanaokaa duara, wanaimba, wanasengenya, wanakatana maneno na nyuzi. Umeme ukikatika hawajui, maana mashine zote ni za kukanyaga. Na katika miaka yote hiyo, vitu viwili havikubadilika. Macho yanashonwa na Gertrude peke yake. Na Mbuyu na Kabange wanauzwa wote wawili, wamefungwa pamoja kwa kamba ya kitenge.

Mpaka alipokuja Blaise.

Blaise alikuwa mfanyabiashara kijana wa Lubumbashi, mwenye viatu vya ncha ndefu, simu mbili, na Kifaransa cha kutosha simu ya tatu. Alikuwa amepata nafasi kwenye duka moja kubwa la kule, lile la aina ya milango inayojifungua yenyewe, na alitaka mapasa wa Kamwana, wengi. Ila duka lina taratibu zake. Katoni moja, pupe mmoja, dirisha la nailoni mbele. Anayetaka wawili atanunua mara mbili. Alikuja hata na katoni zenyewe, nzuri, za rangi, zenye kina kirefu ili kitu kidogo kionekane kikubwa.

Fidélie alizitazama katoni zile akaona gereji imekuwa atelier, karakana ya kweli, sakafu ya simenti, bati lisilovuja, kibao kipya badala ya kile cha Damas kilichoanza kuota kutu kwenye herufi ya K. Akakubali. Kumwambia Gertrude, alijiambia atamwambia kesho, na kila kesho ilikuwa na kazi nyingi. Tena kanisani kwake, kanisa la maombi, mchungaji alikuwa amehubiri kwamba mambo ya kuogopa mapasa ni ya wazee, na Fidélie alilishika hubiri hilo kama tiketi. Gertrude, Mkatoliki wa misa ya kwanza, hakuwahi kuona shida ya kushika rozari mkono mmoja na mila za mapasa mkono mwingine. Basi mbele, gerejini, Gertrude anashona macho. Nyuma, chumbani, Fidélie anafunga katoni. Wawili wanaingia mlangoni pamoja, wanatoka kila mmoja peke yake.

Na ingepita. Lakini Blaise, kwa ukarimu, alimwachia Carine katoni moja kama shukrani ya vitumbua. Carine akaibeba asubuhi hiyo moja kwa moja mpaka kwa Gertrude, bila ubaya wowote, kuuliza swali ambalo mtu yeyote wa Kikula angeuliza. Amepewa mmoja. Mwenzake iko wapi?

Sasa Gertrude alishusha mkono. Alimweka yule pupe ndani ya gauni lake, upande wa kifua, akaingia gerejini. Akaita. Mbuyu na Kabange, ambao siku hizi ni wasichana wa sekondari wenye miguu mirefu, wakaja wakashika mashine ya mama yao, huyu upande huu, yule upande ule, wakaipitisha barabarani mpaka kwao. Wale wanawake wengine walibaki kwenye duara lao, mikono imekunjwa. Marceline, mkubwa wao, alisema kwa niaba ya wote kwamba hawagombani na Mama Sephora hata kidogo, lakini sindano hawataigusa. Nani atashona pupe asiye na macho? Na nani atajiingiza kwenye mambo ya mapasa, halafu arudi nyumbani akalale vizuri?

Ilikuwa Jumatano. Blaise atakuja na gari Jumamosi. Katoni zilikuwa zimejaa nusu tu. Pupe waliobaki walikuwa wamelala mezani, nywele safi, nguo safi, nyuso tupu kama viazi vilivyomenywa.

Alasiri hiyo Fidélie alifunga mlango wa gereji, akachukua uzi mweusi, akajaribu macho mwenyewe. Alitumia mwanga wote uliokuwepo. Alipomaliza alimwita Damas aje aseme ukweli. Damas alimtazama yule pupe kwa muda mrefu, akamgeuza, akamtazama tena.

"Anafanana na muloko yangu Constantin," akasema, akimtaja mdogo wake, "siku ile alianguka na baiskeli."

Kisha akakaa juu ya gunia la vitambaa, na kicheko kilipomwisha akamwambia mke wake jambo asilotaka kulisikia. Kwamba anaweza kupata duka jingine, anaweza kupata hata Blaise mwingine, wako wengi, lakini Gertrude ni mmoja, na hata kama asingejua kushona kifungo, je, Mama Sephora yuko tayari kukaa ukuta kwa ukuta na mtu huyo bila salamu? Nani atamwonjea chumvi kwenye mboga? Nani atamwambia Carine amesema nini? Fidélie akaanza kuyafumua yale macho. Kutoka upande wa pili wa ukuta ilisikika mashine ya Gertrude ikikanyagwa kwa hasira, inashona kitu ambacho hakikuwa pupe.

Alhamisi akamwendea Carine, maana katika mtaa ukitaka kujua njia ya kutokea, unamuuliza aliyekuonyesha ya kuingilia. Carine alimpa kitumbua na maelezo. Mama ya mapasa haombwi msamaha kwa maneno matupu. Unakwenda na vitu viwili, sawa kwa sawa. Unasimama mlangoni pake, si ndani. Wanawake watakuimbia nyimbo za mapasa, na nyimbo za mapasa hazina adabu. Watakutaja miguu, watakutaja mume wako, watakutaja na mambo ya chumbani. Usikasirike. Unacheza. Ukikasirika umemaliza kila kitu.

"Na pasta akisikia?" Fidélie aliuliza, akimfikiria mchungaji wake.

"Pasta yako hashonake macho," Carine alisema, akageuza vitumbua.

Fidélie akaenda sokoni akanunua kuku wawili. Alichagua kwa uangalifu mkubwa, wote wekundu, wote na mkia mweusi, wote na kilemba kilichoinama upande mmoja. Alijipongeza njia nzima. Alasiri akasimama mlangoni kwa Gertrude, kuku mmoja kila mkono, na habari ilikuwa imemtangulia, maana wanawake wote wa gereji walikuwa wameshafika, na Marceline alishika ndoo tupu ya kupigia ngoma.

Nyimbo zilianza. Zilianzia miguuni mwa Fidélie, ambayo ilisemekana Mungu aliiazima kwa korongo akasahau kumrudishia. Zikapanda kwenye bukari yake, ugali unaojulikana kwa mabonge. Zikaingia nyumbani kwake, zikaeleza namna Damas anavyokoroma na anavyofanya mengine kwa haraka ya mtu anayeogopa kukosa taxi-bus. Damas, aliyekuwa amejificha nyuma ya ukuta asikie, alisikia. Na Fidélie akacheza. Mwanzoni alicheza kama anayekanyaga moto, kisha kiuno kikakumbuka, na mtaa ukapiga vigelegele, na hata uso wa Gertrude ulianza kulegea pembeni mwa mdomo.

Basi Gertrude akawaita binti zake wapokee. Mbuyu alichukua kuku huyu, Kabange akachukua yule. Wakatazamana. Wakabadilishana. Wakabadilishana tena.

"Mama," Mbuyu alisema, "ya Kabange iko nzito."

Ngoma ya ndoo ikanyamaza. Fidélie alikuwa ameangalia manyoya, mkia, kilemba, kila kitu anachoangalia mtengeneza pupe, uzito hakuupima. Alijaribu kusema kwamba labda yule mmoja hajala, na hapohapo kuku mwenyewe, kama aliyetukanwa, akajinyofoa mkononi, mwenzake akamfuata, wakapotelea nyuma ya nyumba katikati ya mihogo ya Gertrude. Watu walicheka mpaka Marceline akakalia ndoo. Gertrude hakucheka. Alimsogelea jirani yake mpaka wakawa wanasemezana wao wawili tu.

"Kuku ni juu ya tusi," akamwambia. "Tusi nimesamehe. Lakini pupe bako mu karto, moja-moja. Ile umefanya nini?"

Fidélie hakuwa amefanya lolote. Ijumaa nzima alizunguka zile katoni kama mtu anayezunguka mbwa asiyemjua. Mara mbili alishika simu ampigie Blaise, mara mbili akaiweka.

Jumamosi Blaise akafika na gari dogo la mizigo, akaamkia watu wote, akala vitumbua, akaanza kupakia mwenyewe, mikono ya shati imekunjwa. Fidélie alisimama mlangoni mwa chumba akimtazama. Katoni ya kwanza ikapita mbele yake. Nyuma ya nailoni Mbuyu alikuwa anatazama pembeni, kwa yale macho ya sukari. Miaka yote Fidélie alidhani wanatazama pembeni kwa utundu. Sasa aliona wazi kwamba Mbuyu anatazama mahali anapokaa mwenzake siku zote, upande wa kushoto, na pale palikuwa na ukuta wa katoni.

"Papa Blaise, shusha," alisema.

Blaise alidhani kuna hesabu iliyokosewa. Fidélie akamweleza kwamba hakuna hesabu, ni kwamba pupe hawa hawauzwi mmoja mmoja, hawajawahi, na kosa ni lake yeye aliyekubali. Akavuta skochi, ule utepe wa gundi, ya katoni ya kwanza, akamtoa Mbuyu. Akavuta ya pili, akamtoa Kabange. Blaise alitaja duka, taratibu, rafu zilizopimwa kwa sentimita. Alikumbusha kwamba alitoa neno lake. Kwa Kifaransa alisema mambo mengine zaidi, na meza ya vitumbua ikasogea yenyewe karibu na mlango, tuseme. Mwishowe akashika katoni moja akampa.

"Basi baingize bote wawili, Mama. Ingiza tunaona."

Fidélie akajaribu. Bega kwa bega hawakuingia. Mmoja akiwa kichwa chini hawakuingia, tena ilikuwa aibu. Alisimama na pupe kila mkono, kama alivyosimama na kuku juzi, na mtaa wote unamtazama, na hakuna aliyemwonea huruma kiasi cha kuangalia pembeni. Mkononi kwake kitambaa cha kubebea cha Mbuyu kilikuwa kinaning'inia. Alikitazama. Akamlaza Kabange juu ya mgongo wa Mbuyu, akakizungusha kitambaa, akakifunga kifuani kwa fundo lile ambalo kila msichana wa Likasi analijua kabla hajajua kuandika. Akawasukuma ndani ya katoni.

Wakaingia. Ule urefu wa kina ambao Blaise aliutaka ili kitu kidogo kionekane kikubwa, ulikuwa unangoja mtu wa pili.

Blaise aliipokea katoni akaigeuza. Mbele Mbuyu anatazama pembeni. Ukichungulia juu ya bega lake, Kabange naye anachungulia. Aliigeuza tena. Uso wake ulibadilika polepole, kama wa mtu anayeona rafu ya duka akilini na kwenye rafu hiyo hakuna kitu kingine kinachofanana na hiki.

"Hii," akasema, "inaitwa innovation."

"Ile inaitwa kubeba mutoto," Carine alisema kutoka mezani kwake.

Hata hivyo Blaise alikuwa mfanyabiashara. Kuwaweka wawili katoni moja kulimaanisha nusu ya katoni zitabaki tupu, naye akalalamika kwa heshima zote, lakini akachukua zile ambazo pupe wake walikuwa tayari, na akasema atarudi kuchukua nyingine. Ila hao wengine, aliuliza akichungulia mezani, watakuwa na macho lini? Watu wote wakageuka kuutazama ukuta wa Gertrude. Nyuma ya ukuta palikuwa kimya, kimya cha mtu aliyesimama kwenye kiti na ambaye hataki kiti kilie.

Gari lilipoondoka Fidélie alichukua Mbuyu mmoja na Kabange mmoja wasio na nyuso, akambebesha huyu yule, akaenda mpaka kwa jirani. Alisimama mlangoni, nje, kama alivyofundishwa. Gertrude alikuwa ameshashuka kwenye kiti na amekaa, anajifanya anachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

"Nilibatosha bote mu karto ya moja-moja," Fidélie alisema. "Ilikuwa kosa yangu, yaya. Haikuwa ya Blaise, haikuwa ya pasta. Minye njo nilikubali, na nilikuficha."

Alikuwa hajamwita yaya, dada mkubwa, tangu Kamwana ilipopata kibao. Gertrude alilisikia. Akanyoosha mkono, akapokea pupe, akawageuza, akalipima fundo kwa kidole. Ndipo akauliza jambo ambalo Fidélie alilitegemea na bado lilimshtua: kwa nini Mbuyu ndiye anayebeba? Kabange amekuwa mtoto wa Mbuyu?

Fidélie akafungua fundo palepale mlangoni, akamweka Mbuyu mgongoni kwa Kabange, akafunga. Katoni nusu zitakuwa hivi, nusu zitakuwa vile. Na kitambaa kinafunguka. Mtoto mwenyewe nyumbani anawabadilisha, leo huyu, kesho yule. Vimo vyao vinalingana, alisema, maana aliyewakata alijua anachokifanya tangu soksi ya kwanza.

Gertrude akawaita binti zake watoe hukumu. Walikuja wakifuta mikono, wakasikiliza. Mbuyu alisema yeye hana neno. Kabange alisema na yeye hana, ila ijulikane kwamba katika maisha ya kweli hatambeba Mbuyu hata hatua moja, kwa jinsi anavyokula. Mbuyu akamjibu kuhusu nani alikula nini jana, na Gertrude, ambaye alikuwa ameubana mdomo tangu Jumatano, akashindwa. Kicheko kikamtoka puani, kikampeperushia mchele, kikamlegeza mabega.

Akachomoa kutoka ndani ya gauni, upande wa kifua, yule pupe wa Carine, aliyekuwa amelala hapo siku zote hizo. Akamlaza pembeni ya wale wawili.

"Huyu pia umutafutie mwenzake, Carine asirudie na moja," akasema. "Na kesho asubui mashine itarudia. Minye siibebe, ubebe weye."

Fidélie alikubali kuibeba, alikubali kila kitu, na alikuwa anageuka aende zake wakati upepo ulipogeuka naye. Harufu ilitoka nyuma ya nyumba, upande wa mihogo: nyanya, kitunguu, pilipili, na kitu kingine chenye mafuta mazuri. Alinusa. Akanusa tena. Akamtazama jirani yake.

"Kuku zangu," alisema.

"Nilizipika zote mbili." Gertrude aliinuka, akakung'uta mchele kwenye liputa, kitenge chake cha kiunoni, akausukuma mlango mpaka mwisho. "Mu nyungu hakuna mukubwa. Ingia, Mama Sephora. Bukari iko inapoa, na ya kwangu haina mabonge."